Mimba Waliyoiita ya Uongo

Niliolewa Old Moshi nikitokea Masama, na mtu wa kwanza kunichangamkia huko ugenini alikuwa mkunga wa zahanati. Hatukuwa wageni sisi kwa sisi. Tulisoma pamoja shule ya kati katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, tukalala bweni moja, tukafua kwa kipande kimoja cha sabuni. Baadaye yeye alikwenda kusomea uuguzi na mimi ualimu, tukapoteana. Nilipomkuta pale, amevaa gauni jeupe na kofia, akiwagawia akina mama vidonge mlangoni pa zahanati, nilimshukuru Mungu. Nilijiambia kwamba hata nikishindwana na watu wote wa kijiji kile, nitakuwa na ndugu mmoja.

Mume wangu alikuwa karani katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Moshi. Alishuka mjini Jumatatu alfajiri na kupanda kwetu mlimani Jumamosi. Kwa kuwa alikuwa kitindamimba, yeye ndiye aliyerithi shamba la baba yake, kihamba cha migomba na kahawa, na mama yake mjane alikaa nasi katika nyumba ya pili, ng'ambo ya mfongo uliopitisha maji kwenye migomba. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alinifundisha kukata majani ya ng'ombe bila kujikata, na nilipotoka shuleni nilikuta amenifunikia chakula. Lakini miaka ilipita, na kila mwaka ulipopita alizidi kunitazama tumboni kabla ya kunitazama usoni.

Sikupata mtoto. Nilifundisha darasa la kwanza asubuhi, na jioni nikafundisha watu wazima kusoma, maana ndio wakati serikali ilitaka kila mtu ajue kusoma. Wanawake waliokuja kwenye masomo ya jioni walikuja na watoto mgongoni. Mmoja aliwahi kusema, nikiwa nafuta ubao, kwamba mwalimu ana bahati, wa kwake hawamsumbui. Wenzake walicheka. Nilicheka nao, kisha nikakaa peke yangu katika darasa lile mpaka giza likaanza kuingia, kwa sababu sikutaka kupita barabarani macho yakiwa mekundu.

Rafiki yangu ndiye niliyemwambia hayo yote. Alinipa dawa alizokuwa nazo, akanifundisha kuhesabu siku zangu, na mama mkwe alipoleta mizizi ya kuchemsha, alinusa sufuria akasema haina madhara, ninywe tu nimfurahishe mama. Alikuwa na mume askari aliyeishi mbali, tena alikuwa na wadogo zake wa kuwasomesha. Tulisaidiana. Nilimwandikia barua zake za Kiingereza za kuomba nafasi ya masomo ya juu, maana aliniambia Kiingereza changu cha kuandika ni kizuri kuliko chake.

Mwaka mmoja, masika yalipoanza, sikuona siku zangu. Nilinyamaza. Mwezi wa pili nao sikuziona, na asubuhi moja harufu ya majani mabichi ya ng'ombe ilinifanya nitapike nyuma ya banda. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na panga lake. Aliingia ndani akanichemshia uji, na siku ile hakuniruhusu nikate majani tena.

Nilikwenda kwa rafiki yangu jioni, baada ya masomo, akanipima katika chumba chake nyuma ya zahanati. Zahanati haikuwa na kipimo cha mkojo. Mkunga alitumia mikono na macho. Alinibonyeza, akanitazama matiti, akaniuliza maswali. Kisha akakaa kitandani karibu nami akaanza kulia. Aliniambia, "Mwenzangu, Mungu amekukumbuka."

Tangu hapo nilimwendea kila mara, saa zile zile za jioni, kwa kuwa asubuhi nilikuwa darasani. Hakuniandikisha. Alisema kadi zimekwisha, zikija ataniandikia. Mimi sikujali kadi. Kwa utaratibu, mwanamke aliyekaa miaka mingi bila mtoto alipaswa kupelekwa hospitali ya mjini akaonwe na daktari tangu mapema. Hilo sikulijua. Yeye alilijua, lakini nadhani alitaka mtoto huyu azaliwe mikononi mwake, na mimi nilitaka hivyo hivyo.

Tumbo lilikua. Naandika hivi kwa sababu baadaye ilisemwa kwamba halikukua. Magauni yangu yalinibana, nikaazima ya mke wa shemeji. Matiti yalijaa, na maziwa ya kwanza yakaanza kuchuruzika. Katika mwezi wa tano nilisikia mtoto akicheza. Rafiki yangu alichukua kile kibomba cha mti cha kusikilizia mtoto, akakiweka tumboni mwangu na kutega sikio. Alikaa vile kwa muda mrefu huku ameinua mkono nisizungumze. Halafu akatabasamu, akasema yupo, anapiga mbio. Alisikiliza tena mwezi uliofuata, na mwingine, na kila mara alimsikia.

Mama mkwe naye alimsikia. Tulikuwa tumekaa jikoni tukimenya ndizi za mtori, nikashtuka na kujishika ubavu. Alinyoosha mkono wake wenye utomvu wa ndizi, akauweka pale niliposhika, akatulia. Kisha akaguna na kucheka peke yake, akaendelea kumenya. Siku iliyofuata alimfungia ndani beberu mmoja, akaanza kumnenepesha kwa ajili ya siku zangu za uzazi. Aliweka samli kwenye kibuyu. Aliniambia kwamba nikizaa sitatoka nje kwa miezi mitatu, nitakula mtori na mlaso wa damu na maziwa mpaka nishindwe kupita mlangoni.

Mume wangu alianza kupanda katikati ya wiki. Alinunua beseni, na kitenge cha kumbebea mtoto. Sikuwahi kupendwa vile kabla, na sikuwahi kupendwa vile tena.

Mwezi wa kuzaa ulifika ukapita. Rafiki yangu alisema mimba ya kwanza hukawia. Wiki nyingine zikapita, na nikaanza kumwona anaponisikiliza anabadilisha mahali, anarudia, anauma mdomo. Nilimuuliza. Alisema mtoto amegeuka, mgongo wake umekaa vibaya. Kisha asubuhi moja uchungu ulinishika, uchungu wa kweli, wa kwenda na kurudi. Mama mkwe alinishika mgongo, rafiki yangu akaitwa. Nilisukuma nilipoambiwa nisukume. Kufikia mchana uchungu ulikatika wenyewe na hapakuwa na kitu. Kaka wa mume wangu alikimbia kuomba gari la ushirika, wakanilaza kwenye godoro nyuma, tukashuka mjini. Tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe na rafiki yangu katika sare yake. Mume wangu alipelekewa ujumbe kiwandani.

Daktari aliyenipokea hospitali alikuwa mgeni, na Kiswahili chake hakikuzidi salamu. Alinibonyeza tumbo lote polepole. Alisikiliza kwa kipimo chake. Alinipima kwa ndani, akaagiza nikapigwe picha. Nilirudishwa kitandani nyuma ya pazia la kitambaa, na baada ya muda nikasikia anarudi na kuanza kuzungumza na rafiki yangu kwa Kiingereza, ng'ambo ya pazia, kama mtaalamu na mtaalamu mwenzake.

Mimi ni mwalimu. Kiingereza nilikijua. Nilisikia akisema hakuna mtoto, na kwamba hakukuwa na mtoto tangu mwanzo. Halafu akataja neno refu nisilolijua. Nililoambulia ni mwanzo wake tu, sudo. Alilitaja mara mbili. Nilibaki nimelala pale nikilirudia rohoni, sudo, sudo, kana kwamba nikiliachia litakimbia na mwanangu.

Kisha daktari aliuliza ni nani aliyekuwa akimhudumia mama huyu.

Rafiki yangu akajibu kwa Kiingereza kile ambacho nilikuwa nikimsaidia kukiandika. Alisema, "Hajawahi kuja kwetu. Alikuwa akiniambia tu kwamba ana mimba, nami nikamwamini kwa kuwa ni rafiki yangu."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nilitaka kuinuka, lakini mwili wangu ulikuwa kama si wangu. Daktari akaendelea kuzungumza kwa sauti ya chini, mambo ya moyo na mwili na hamu ya mtoto, mengine sikuyashika. La mwisho nililishika. Alimwambia awaeleze ndugu zangu taratibu, awaeleze kwa huruma. Alipita upande wangu, akanigusa bega, akaondoka.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba wake wenye nguo za mtoto mapajani. Pazia lilikuwa limeachwa wazi kidogo na niliwaona wote wawili. Aliuliza daktari anasemaje.

"Anasema ni mimba ya uongo, mama," rafiki yangu alijibu.

"Uongo wa nani?"

Nilingoja. Mpaka leo nakumbuka jinsi nilivyongoja, kama unavyomngoja mtoto darasani amalizie sentensi aliyoianza vizuri. Rafiki yangu alitazama sakafu. Akasema, "Mimi sijui, mama. Muulizeni mwenyewe."

Mume wangu alifika jioni, vumbi la kahawa likiwa bado kwenye nywele zake. Mama yake alimsemesha nje kwa Kichagga. Aliingia, akasimama miguuni pa kitanda, akaniuliza swali moja tu: nilijua tangu lini. Nilimwambia sikujua, nilimwambia mtoto alikuwa akicheza, nilimwambia mkunga alimsikia. Alitoka kwenda kumuuliza rafiki yangu. Aliporudi hakuniuliza tena chochote.

Baada ya siku chache tumbo lilishuka. Lilishuka upesi na bila damu, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu watu walisema tumbo la nyama haliondoki hivyo, lile lilikuwa la matambara. Ilivumishwa kwamba nilijifunga nguo kuukuu kiunoni miezi yote ile ili nisiachwe. Hakuna aliyeeleza matambara hutoaje maziwa. Maziwa yaliendelea kunitoka wiki nyingi, nikawa nafunga kifua kwa kanga na kuweka vitambaa ndani ya gauni ninapokwenda kufundisha. Mtoto mmoja aliona unyevu kifuani akawaambia wenzake. Nikapewa jina, Mwalimu Matambara. Waliniimba mpaka nje ya uzio wa shule.

Kaka wa mume wangu aliitisha kikao cha ukoo, akaalika na balozi wa nyumba kumi ashuhudie. Kilifanyika uani kwetu, Jumapili, watu wakitoka kanisani. Nilikubali kwa furaha, kwa sababu niliamini kwamba hospitali rafiki yangu alimwogopa daktari, lakini hapa, mbele ya watu wanaotujua wote wawili, atasema ilivyokuwa. Nilimtengea kiti karibu yangu. Alipokuja alikaa upande wa pili.

Balozi alimuuliza kama aliwahi kunipima. Alisema hakuwahi. Kama angenipima, alisema, angegundua mapema. Ni kazi yake.

Nilisimama. Nilimwambia, "Ulinipima chumbani kwako. Ulimsikiliza mtoto ukaniambia anapiga mbio. Waambie."

Alinitazama kwa upole, vile anavyowatazama wagonjwa wake, akajibu, "Dada, unaumwa. Mimi nitaendelea kukuombea."

Ukikasirika, unaumwa. Ukilia, unaumwa. Nilimgeukia mama mkwe. Nilimkumbusha siku ile jikoni, mkono wake tumboni mwangu. Alijifunika mdomo kwa upande wa kanga, akasema yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka, ila alinyamaza kwa sababu ya amani ya nyumba. Beberu alikuwa akilia ndani, nyuma yake, mnene kupita kiasi. Mume wangu alikuwa akichora chini kwa kijiti. Hakuinua kichwa.

Nilirudi Masama kabla ya mavuno ya kahawa. Mama yangu alinipokea bila swali. Alikuwa akinikanda kifua kwa kitambaa cha moto na kunipa maji ya kunywa, na watu walipokuja kunidadisi aliwahepa kwa mazungumzo ya bei ya kahawa. Niliomba uhamisho nikapangiwa shule ya jirani. Mume wangu hakunifuata. Mwaka uliofuata nilisikia ameoa msichana kutoka upande wa kiwanda cha sukari, huko tambarare, na kwamba ana mimba. Rafiki yangu ndiye aliyemzalisha. Wakati huo alikuwa anajiandaa kwenda masomo ya juu. Maombi yalikuwa yamekubaliwa, yale yale niliyomwandikia.

Kwa miaka mingi kitu kilichonisumbua kuliko vyote ni lile neno. Nilijua kwamba kama ningelipata ningejua nilishitakiwa kwa kosa gani. Shule yetu ilikuwa na kamusi moja ya Kiingereza, jalada limetoka, na nilikuwa nikibaki ofisini walimu wenzangu wakienda kula. Nilitafuta kwenye su. Nilitafuta kwenye so, na kwenye syu, hata kwenye zu. Halikuwapo. Nikaanza kujiuliza kama na hilo nililisikia kichwani tu, kama mtoto. Ikifika hapo nilifunga kamusi nikaenda kusimamia usafi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni na sukari vilikuwa vinapatikana kwa kupanga foleni, walimu tuliitwa Machame kwenye semina ya afya ya watoto. Siku ya pili alikuja mganga wa magonjwa ya akili, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikuwa akitueleza juu ya mtoto anayeanguka darasani na kutetemeka kama mwenye kifafa, na kumbe si kifafa, ni mtoto aliyebeba jambo zito asiloweza kulisema. Alisema jambo hilo lina jina, akaandika ubaoni mwanzo wake, pseudo.

"P hii haisomwi," alisema. "Tunatamka sudo."

Kalamu ilinianguka. Mwenzangu aliniokotea akaniuliza kama najisikia vibaya. Nilimwambia ni jua.

Wakati wa chai nilimfuata yule mganga alipokuwa amekaa peke yake na kikombe chake. Nilimwambia mimi nafundisha Kiswahili, kwa hiyo napenda viambishi, na nimeona lile neno lake ni kama kiambishi awali: je, kinaingia kwenye maneno mengine? Alifurahi kuulizwa. Alisema yako mengi. Ni neno la Kigiriki, linabandikwa mwanzoni mwa jina la ugonjwa kuonyesha kwamba kinachoonekana sicho kilichopo. Alinieleza kuhusu mzee ambaye kila mtu anadhani akili zimemtoka kwa uzee, hakumbuki wanawe, kumbe ni huzuni, na huzuni ikitibiwa akili zinarudi; hiyo ni pseudodementia. Alinieleza tena ile ya kifafa. Na ipo pseudocyesis, alisema, mwanamke anayekuwa na kila dalili ya mimba na hana mimba.

Nilimuuliza, "Huyo mwanamke anakuwa anadanganya?"

"Hapana," alisema. "Yeye ndiye wa kwanza kudanganywa. Mwili wake unaamini. Siku zinakatika, tumbo linajaa, maziwa yanatoka, hata uchungu anaupata. Ukimwambia anadanganya unamuua."

Nikauliza kama mkunga anaweza kukaa na mtu kama huyo miezi yote asijue. Alisema inatokea sana, hasa pasipo na vipimo. Mshipa mkubwa wa damu wa mama hupiga tumboni, na mkunga anayetaka kumsikia mtoto humsikia. Alisema hilo si kosa la kumfunga mtu, ni la kumwelekeza tu.

Niliuliza swali langu la mwisho: kama kati ya maneno hayo yote lipo hata moja la mtu mwongo hasa. Alifikiri, akasema lipo, pseudologia, mtu anayesema uongo mrefu bila faida yoyote, kama ulevi. Lakini hilo ni nadra, alisema. Mtu wa kawaida akisema uongo huwa ana sababu.

Nilikwenda nyuma ya darasa nikashika ukuta. Sikulia kwa furaha kama nilivyokuwa nikidhani nitalia siku nikilipata. Nilikuwa nimemsamehe rafiki yangu nusu, katika miaka ile, kwa kudhani kwamba pengine hakuelewa daktari alisema nini. Sasa nilijua kwamba neno lile linafundishwa, kwamba alielezwa, na kwamba aliambiwa atueleze kwa huruma. Alichagua kuchukua kipande cha kwanza cha neno, akakitafsiri sawasawa, uongo, akaishia hapo.

Nilimtafuta. Haikuwa kazi, alikuwa sasa msimamizi wa kliniki ya mama na mtoto mjini Moshi. Nilipofika akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Alinitambua toka mlangoni. Alimwachia kazi msaidizi wake, akanichukua nyuma ya jengo penye tangi la maji, na alinisalimia vizuri, akauliza habari za mama yangu. Alikuwa amenenepa. Nywele za mbele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe.

Nilimwambia sikuja kugombana. Nilikuja kuuliza. "Ulimsikia, au hukumsikia?"

Alivuta gauni lake, akalinyoosha, kabla ya kujibu. "Nilimsikia. Naapa nilimsikia. Mpaka mwezi wa mwisho."

"Basi kwa nini?"

Akasema kwamba daktari alipouliza aliona kila kitu kinaondoka kwa pamoja: kazi, masomo, karo za wadogo zake. Alikuwa amenipima bila kuniandikisha, na hakunipeleka mjini kama ilivyotakiwa. Alisema alidhani ni maneno ya pale hospitali tu, hayatapanda mlimani. Yalipopanda, akawa hawezi tena kuyashusha.

Nilimuuliza kuhusu kikao. Nilimuuliza kuhusu kuniombea. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye tangi.

"Wewe ulikuwa mwalimu," alisema hatimaye. "Ulijua kujieleza. Nilifikiri utajitetea."

Nilimtazama nikaona kwamba alikuwa ameyaamini hayo kwa miaka yote ile, na kwamba yalimsaidia kulala. Alinishika mkono, akasema kama nataka atakwenda kuwaeleza wakwe zangu. Nilimwambia aende. Alisema Jumamosi. Nilimwacha arudi kwa wagonjwa wake.

Hakwenda. Nilijua hivyo baada ya miezi kadhaa, nilipoamua kwenda mwenyewe kiwandani na kumngoja mume wangu wa zamani getini saa ya chakula. Alitoka na wenzake, akaniona, akawaambia watangulie. Aliniambia mama yake alifariki mwaka uliotangulia. Nilimpa pole. Nilimuuliza kama mkunga aliwahi kuja kwao kuzungumza. Alisema hajamwona mlimani tangu ahamie mjini.

Basi nikamweleza pale pale, tumesimama kwenye kivuli cha ukuta. Nilimweleza kuhusu neno, na herufi yake isiyosomwa. Nilimweleza kwamba mwanamke wa namna ile hadanganyi, na kwamba mkunga amekiri kwa mdomo wake kwamba alinipima. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri tangu zamani. Nilipomaliza alivua kofia akajifuta paji la uso.

"Sasa unataka nifanye nini?" aliuliza.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na mke na watoto wanne, na wa kwanza alikuwa karibu kumaliza darasa la saba. Nilimwambia sitaki afanye kitu, nilitaka ajue. Alisema amejua. King'ora cha kiwanda kililia, akanyoosha mkono kuniaga kama unavyomwaga mtu mliyekutana ofisini, akarudi ndani.

Nilivuka barabara nikanunua chumvi na kiberiti, maana nilivikuta vinauzwa na foleni ilikuwa fupi. Niliendelea kufundisha Masama mpaka nikawa mwalimu mkuu. Nililea binti wa marehemu kaka yangu, na aliniita mama bila kuambiwa. Rafiki yangu alistaafu, akarudi kukaa Old Moshi, na watu wanaotoka huko kuja misibani kwetu huniletea salamu zake. Huwaambia nimezipokea.